Simenti Juu ya Udongo

Sipendi simenti. Watu wa Bukavu wakiona mifuko ya simenti inashushwa mbele ya mlango wa jirani, wanafurahi naye: huyo anajenga, huyo sasa ameinuka. Mimi naziba pua. Harufu yake ikiwa mbichi inanirudisha Nguba, kwenye ule mteremko wa kwenda ziwani, na kichefuchefu kinanipanda kama vile ni jana. Watu wananiambia vita vimekwisha zamani, nisahau. Tumbo langu halisahau.

Nilikuwa na diploma ya ujenzi na umri wa miaka ishirini na sita. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Ofisi za serikali zilikuwa na meza bila watu, au watu bila mishahara. Mimi nilikuwa na bahati, kama ile inafaa kuitwa bahati: shirika dogo lenye fedha za wafadhili wa Ulaya liliniajiri nisimamie ujenzi wa nyumba nane za wajane waliokimbia vita kutoka upande wa Walungu. Parokia ilitoa kiwanja chini ya barabara, mahali ambapo matajiri walipakataa kwa sababu ya mteremko. Mkuu wa mradi tulimwita Chef, maana kwetu mtu yeyote mwenye ufunguo wa gari la kazi ni chef.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na hapa sifanyi kejeli. Vita vilikuwa vimefunga njia za msituni. Kila gunia la makaa lilipita mbele ya bunduki kadhaa kabla ya kufika sokoni, na kila bunduki ilidai chake. Tofali la kuchoma linakula kuni, na kuni ndizo hazikuwapo. Waliokuwa wakichoma matofali walifika mpaka kwenye miti ya makaburini. Basi sisi tungejenga kwa tofali bichi, udongo wetu mwekundu uliochanganywa na mchanga na kukaushwa kivulini. Kuta zingekuwa nene, zishike joto la mchana na kulitoa polepole wakati wa baridi. Na Bukavu, kwa asiyeijua, ina baridi. Watu wanafunga milango na kulala na mbabula yenye makaa chumbani, na wengine hawaamki. Madirisha yangetazama ziwa ili mwanga uingie, kwa sababu umeme ulikuja ulipotaka. Jikoni tungeweka jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi, jiko linaloivisha maharage kwa vijiti vichache ambavyo mama anaweza kuokota mwenyewe.

Fundi mkuu alikuwa baba yangu. Ndiyo, nilimwajiri baba yangu mwenyewe, anayetaka kununa anune. Hakuna mtu mji mzima aliyejua tofali bichi kama yeye. Alijifunza akiwa kijana kwa mapadre, na nyumba aliyomjengea mama yangu kabla sijazaliwa ilikuwa bado imesimama, udongo mtupu, bila ufa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeihama. Nilipopata kazi nilipanga vyumba viwili vya simenti karibu na ofisi, kwa sababu nilikuwa naona haya wenzangu wakijua nilikolelewa. Mchana nilihubiri nyumba ya udongo, jioni nilienda kulala kwenye simenti. Siku zile sikuona ubaya wowote katika hilo.

Baba alikuwa na amri mbili tu. Ya kwanza, paa litoke nje ya ukuta kwa urefu wa mkono mzima, ili mvua isiguse udongo. Ya pili, ukuta upakwe udongo mwembamba uliochanganywa na mchanga na mavi ya ng'ombe, wala kisipakwe kitu kingine.

“Ukuta ya udongo inatoka jasho kama mutu,” aliniambia. “Ukiivalisha nailoni, itaoza ndani, na weye utaona inje iko muzuri.”

Katika wale wajane nane alikuwamo shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Watu wenye silaha walifika kijijini kwake, wakachoma nyumba yake ya nyasi, na mume wake alikuwa ndani. Alitembea siku tatu mpaka Bukavu akiwa na kitenge kimoja na sufuria moja. Alikuwa na haki ya nyumba kama wenzake saba, ingawa sitadanganya kwamba orodha ilipoandikwa nilimsahau. Wakati wa kungoja alikaa kwa baba. Hakulia mbele yetu hata mara moja. Alichokuwa anauliza ni kimoja tu, tena kila juma: nyumba yake ingekuwa ya nini?

Tukamwambia ya udongo. Akarudi kusugua sufuria yake.

Wajane wale walibeba mawe ya msingi wenyewe, kamba ikipita kwenye paji la uso, mgongo umeinama, kutoka barabarani mpaka chini kwenye kiwanja. Walinitania kutwa. Waliniita maman injinia, wakaniuliza kama nawajengea nyumba za watu au za kuku. Mmoja alisema kwamba kwao hata mbuzi amelala kwenye udongo, kwa hiyo haoni vita vimempandisha cheo wapi. Tulicheka. Mimi nilicheka kwa sababu nilijua watabadili mawazo wakishaingia ndani.

Na kweli, nyumba ya kwanza ilipoezekwa, ilinyesha mvua moja ya barafu, ile inayogonga mabati mpaka watu hawasikilizani. Tukakimbilia ndani, sote tumelowa. Hakukuwa na moto wala mbabula. Baada ya muda shangazi aliweka kiganja ukutani, akakiacha pale, kisha akaweka na shavu. Alisema ni kama ubavu wa ng'ombe. Wenzake wakaja mmoja mmoja kugusa. Baba alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anatazama mvua, lakini nilimwona. Ile ndiyo siku pekee ya mradi ule ninayoikumbuka bila kutaka kutema mate.

Juma lililofuata Chef alikuja, na viatu vyake vyeupe, akashuka mteremko akishika suruali kwa vidole viwili. Alitangaza kwamba wafadhili watakuja kuzindua nyumba, na mkuu wa wanajeshi wa mji naye atakuwapo. Akazitazama zile nyumba kama mtu aliyeletewa chakula cha jana. Mapaa yalikuwa marefu mno, alisema, yalifanana na ya kijijini. Yakatwe. Na kuta zipakwe simenti, mbele na nyuma.

Nilimweleza. Nilimweleza kwa Kifaransa, na diploma yangu, nikamchorea mpaka kwenye mchanga: maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta, mvuke wa jikoni unaingia, vyote vinahitaji pa kutokea, simenti inavifungia. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio huku ananyoa ndevu. Nilipomaliza alinijibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wale wanawake wasikie.

“Hapa kwetu, nyumba bila simenti haiko nyumba. Ao munataka nionyeshe bazungu matope?”

Wanawake walipiga makofi. Hili ndilo ninalotaka lieleweke, kwa sababu watu hupenda hadithi yenye mkosaji mmoja. Walipiga makofi kwa furaha ya kweli, wakapiga vigelegele, na shangazi yangu ndiye aliyepiga cha mwisho na kirefu kuliko vyote.

Baba hakubishana. Aliweka mwiko wake chini, akaosha miguu kwenye pipa, akavaa viatu. Aliponipita alinivuta kando. Alisema mimi ndiye mkubwa wa kazi pale, na kwamba nikisema hapana mbele ya mafundi, hakuna atakayekoroga simenti. Alisema kweli. Nilifikiria mshahara wangu, na midomo iliyokuwa ikiutegemea, wa baba ukiwamo. Nikamwambia tusubiri tuone. Alinitazama kidogo, kisha akapanda mteremko bila kugeuka.

Mapaa yakakatwa. Mabati yaliyobaki yalionekana baadaye yameezekwa kwenye banda la kuku nyuma ya nyumba ya Chef, yakiwa bado na alama za chaki nilizoziandika kwa mkono wangu. Kuta zikapakwa simenti, zikawa laini, zikawa za kijivu, kona zimenyooka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilisimama pale kutwa nikiwaelekeza mafundi waipake sawasawa. Kama ni uchafu, basi niufanye vizuri, hivyo ndivyo nilivyojiambia, nikajiona mtu wa kazi.

Siku ya uzinduzi waliweka viti vya plastiki, hema, na mbuzi wawili kwenye moto. Mkuu wa wanajeshi alikaa mbele na miwani yake myeusi, wavulana wake wenye bunduki wamezunguka nyumba za wajane kama za kwao. Hotuba zilisema mazingira, zikasema msitu wetu, zikasema nyumba za kesho. Kisha wageni wakapita wakigusa kuta. Mama mmoja wa kizungu, mwenye sura ya huruma, alipapasa simenti kwa kiganja chake akasema hakujua udongo unaweza kupendeza hivi. Akaniuliza kama kweli ni udongo mtupu.

Nikajibu ndiyo, ni udongo mtupu.

Akanishika mkono. Chef alikuwa nyuma yake akitabasamu. Baadaye tuliketi mezani, nikapewa hati inayosema kwamba nyumba zote nane zimejengwa kama mchoro unavyotaka, na panapohitajika sahihi ya fundi msimamizi nikaweka sahihi. Kisha nikaenda kula nyama ya mbuzi. Niliila, tena nikaomba ya pili. Nikikumbuka mafuta yale kwenye vidole vyangu najichukia upya.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja na haraka yake. Mwezi wa pili wa mvua nilipita kwa shangazi kumsalimia, na nilipoingia jikoni nikaisikia ile harufu. Si ya moshi, si ya panya. Ni harufu ya udongo uliolowa ukakosa hewa, nzito, tamu kidogo, kama kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Niligonga ukuta wa upande wa ziwa kwa kifundo cha kidole. Ulitoa sauti ya kopo tupu. Simenti ilikuwa imeachana na ukuta, imesimama peke yake, na nyuma yake udongo ulikuwa uji.

Nikamwambia shangazi kwamba lazima tuibandue simenti yote, sasa hivi, kabla mvua haijazidi. Baba angekuja kupaka upya kwa mchanganyiko wake na kurefusha paa kwa chochote tutakachopata. Kazi ya siku nne. Aliendelea kuchagua maharage kwenye ungo.

“Nyumba yangu ya kwanza ilishika moto,” alisema. “Hii haishike moto. Hautaivua nguo, mutoto wangu.”

Nilimwambia udongo nao haushiki moto, kilichoungua kule ni nyasi. Alitikisa kichwa. Nilimwambia ukuta utaanguka. Hapo aliinua uso, akaniuliza swali bila ukali wowote, kama mtu anayetaka tu kujua: mimi mwenyewe nilikuwa nalala kwenye nyumba ya nini?

Nikainamia kikombe cha chai. Na bado kulikuwa na neno moja ambalo lingemshawishi. Ningemwambia: shangazi, niliyajua haya tangu siku ya kwanza, nilijua wakati simenti inakorogwa, nikaweka sahihi. Angeniamini papo hapo, kwa sababu hakuna mtu anayejisingizia jambo kama hilo. Neno lilifika kwenye ulimi. Nikalimeza pamoja na chai aliyonitilia, nikasema nitarudi juma lijalo tuzungumze vizuri.

Ukuta haukungoja juma lijalo. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, jua limetoka, shangazi ameinama kwenye jiko anapuliza moto. Ukuta wa upande wa ziwa uliinama kwanza, wenzake walisema, kama mtu anayepiga magoti. Udongo peke yake ungemwagika tu, ungemchafua na kumtisha. Lakini simenti ilianguka nzima, bapa moja pana kama mlango, ikamwangukia mguu. Wanawake saba waliinua lile bapa kwa mikono yao, wakambeba mgongoni kwa zamu mpaka hospitali. Mfupa ulivunjika mahali pawili. Daktari alisema atatembea, lakini hatabeba tena mzigo, na mwanamke wa kwetu asiyeweza kubeba mzigo anajua maana yake bila kufafanuliwa.

Baba alinifuata kazini. Aliuliza tu kama nina nyundo mbili ofisini, akazichukua. Akaenda Nguba, akagonga milango saba. Hakuna aliyekataa. Walichungulia jikoni kwa shangazi, palipoanguka ukuta, wakamsaidia baba kubandua simenti. Juma zima alikuwa kule na wanawake wale, mikono imejaa mavi ya ng'ombe, akizifanya nyumba zile zirudi kuwa kama alivyozijenga. Mimi sikwenda. Niliambiwa nina kazi ya ofisini.

Kazi ya ofisini ilikuwa ripoti. Chef alikuwa ameiandika mwenyewe, Kifaransa kizuri, kurasa mbili. Ilisema kwamba ukuta ulianguka kwa sababu ya matumizi mabaya. Ilisema kwamba mkaaji, mwanamke wa kijijini asiyezoea nyumba ya kisasa, alikuwa akimwaga maji jikoni na kugonga ukuta, na kwamba aliacha kuitunza nyumba aliyopewa bure. Ilipendekeza awamu ya pili ijengwe yote kwa tofali la simenti, kwa kuwa wananchi hawako tayari kwa udongo. Na ilipendekeza kwamba huyo mkaaji asijengewe nyingine, iwe fundisho kwa wenzake.

Nilimwambia Chef kwamba huyo ni shangazi yangu. Alisema anajua, na kwamba ndiyo sababu sahihi yangu ina uzito, hakuna atakayesema nimependelea. Alisema pia kwamba awamu ya pili ina kazi ya miaka miwili. Alisema hivyo akitafuta kitu kati ya meno yake kwa kijiti. Nilikitazama kijiti kile kikiingia na kutoka, nikawaza kwamba huyu mtu ananichukiza kuliko wote niliowahi kukutana nao. Nikiwa bado nawaza hivyo nikachukua kalamu, nikaweka sahihi chini ya yake.

Nakala zilipelekwa kwa kila anayehusika, zikiwa na mhuri. Shangazi alipelekewa ya kwake kwa baba, alikokuwa amelala mguu ukiwa kwenye plasta. Hakusoma shule hata siku moja, na baba Kifaransa chake ni cha vipimo na misumari tu. Basi aliikunja ile karatasi, akaiweka ndani ya kitenge, akanisubiri mimi, msomi wake.

Nilimkuta Jumapili baada ya misa. Wajane wenzake walikuwa wamekuja kumwona, wako uani wanamenya mihogo, na baba alikuwa Nguba bado. Aliitoa karatasi, imelainika kwa joto la mwili, akaniambia nimsomee kama watamjengea tena. Alijivuta akaegemea ukuta, ule ukuta wa udongo wa nyumba nilimokulia, akafumba macho ili asikie vizuri.

Niliifungua. Sahihi yangu ilikuwa chini, safi, na mkia wake ninaoupenda. Nikaanza kusoma kwa Kiswahili maneno ambayo hayakuwamo. Nilisoma kwamba mvua ilikuwa kali kuliko desturi. Nilisoma kwamba mama huyu aliitunza nyumba yake kuliko wote, na kwamba hana kosa lolote. Nilisoma kwamba mambo ya kujenga upya bado yanachunguzwa. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia kinyaa mpaka leo.

Aliuliza jina langu, mimi msimamizi, limeandikwa wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaligusa kwa kidole chake, pale kwenye wino.

“Aksanti, mutoto wangu,” alisema. “Nilijua utanitetea.”

Kisha akawaita wenzake kutoka uani. Waliingia wanne, mikono yao bado na utomvu wa mihogo, wakakaa chini kwenye mkeka. Shangazi akaniomba nisome tena, polepole, ili nao wasikie. Nikasoma tena.